Muulize Mzee wa Kaunta: Kihindi kinanigeukia Kiingereza

SWALI: Mzee wangu, salaam. Mimi ni msichana, nauza vipuri vya pikipiki hapa Jinja. Dukani alikuja mhasibu mpya kutoka Lucknow, India, tukakubaliana nimfundishe Kiswahili naye anifundishe Kihindi. Tukishafunga tunakaa kwenye benchi nje, chai na kabalagala pembeni. Salamu zikiisha tu, tunahamia Kiingereza mpaka giza. Juzi mama mwenye duka alinisikia nikijaribu, akacheka, akasema naongea kama mwanaume. Isitoshe, huyo mama na familia yake nyumbani huongea Kigujarati. Je, napoteza wakati?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hupotezi, binti yangu. Ila mama kasema kweli.

Mhasibu wako anasema "main Jinja mein rehta hoon", naishi Jinja, nawe unarudia vilevile. Kwake ni sawa, yeye ni mwanaume. Wewe sema "rehti hoon". Kwenda: yeye jaata, wewe jaati. Kufanya: yeye karta, wewe karti. Kiswahili hakitofautishi hivyo, ndiyo maana sikio lako linapitwa. Kila akikupa sentensi, mrudishie ikiwa ya kike, akusahihishe hapo hapo. Na tafuta mwanamke wa kumsikiliza. Huyo mama aliyecheka yuko karibu: asubuhi muulize "aap kaisi hain?", hujambo, kisha nyamaza umwache aongee.

Kuhusu Kigujarati: familia nyingi za Kihindi za zamani hapa Uganda asili yao ni Gujarat. Rais Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972 kwa kuwapa siku 90 waondoke, na waliorudi miaka ya baadaye walirudi na lugha yao. Wengi Kihindi wanakielewa. Lakini ukiwasikia wakibishana juu ya mzigo na usiambulie kitu, usiulaumu ubongo wako, hiyo ni lugha nyingine.

Sasa hicho Kiingereza. Kinaingia kwa sababu mnafika kwenye benchi bila kazi ya kufanya. Beba kitu kutoka dukani: leo plagi, kesho cheni. Yeye awe mteja: "Yeh kitne ka hai?", bei gani hii? Nawe umtajie bei. Tarakimu za Kihindi kuanzia moja hadi mia ni za kukariri karibu kila moja peke yake, zinachosha hata mwenye bidii. Ila bei zetu ni za maelfu, kwa hiyo anza na hizi: das, bees, tees, chaalees, pachaas, yaani kumi mpaka hamsini kwa makumi, kisha bandika hazaar, elfu. Bees hazaar, elfu ishirini. Laki unayo tayari, wao husema lakh.

Ukikwama, usikimbilie Kiingereza. Sema "dheere boliye", sema polepole, au "phir se boliye", sema tena. Robo saa Kihindi, robo saa Kiswahili, baada ya hapo pigeni soga kwa lugha mnayotaka.

Kuna jambo moja daftari haliwezi kukufundisha: pumzi. Pal ni kitambo kidogo, phal ni tunda. Shika karatasi ya risiti mbele ya midomo. Kwenye phal ni lazima itikisike, kwenye pal itulie. Mwambie mhasibu aanze, uone inavyoruka, kisha ujaribu wewe. Mtacheka, lakini mteja atakuelewa. Herufi za Devanagari, zile za kuandikia Kihindi, jifunze nyumbani, chache kila siku. Usimmalizie mtu jioni yake kwa kuchora herufi.

Na akipigiwa simu na rafiki zake, usiige unachosikia. Huko "wewe" ni tum na tu, maneno ya waliozoeana. Mteja ni aap, "wewe" ya heshima. Mama mwenye duka ni aap, hata akikucheka tena.