Kabla Hujaomba Uzamivu, Soma Ukurasa Mmoja wa Chanzo Chako

Katika wiki tatu zilizopita wameingia ofisini kwangu hapa Moshi vijana wanne waliomaliza uzamili, kila mmoja na pendekezo lake la utafiti mkononi, na wote waliuliza swali moja: je, niombe uzamivu? Wawili ni wa historia, mmoja wa fasihi na mmoja wa dini. Nimeyasoma mapendekezo yao yote. Kiunzi cha nadharia kimenyooka, mapitio ya maandiko yamejaa, pengo la maarifa limetajwa mahali pake, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika chanzo chake kwa mikono yake. Binti wa fasihi anataka kuchunguza tenzi za karne ya 19 zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nilipomwuliza kama anazisoma hati hizo, alinijibu kwa utulivu, "Nitajifunza nikishapata nafasi, mwalimu."

Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe mwaka 2009, na lilinigharimu miaka miwili ya maisha yangu na ya familia yangu. Ndiyo maana ninawaandikia. Taratibu za kuomba mnazijua, na tofauti kati ya uzamivu wa tasnifu pekee na ule wa kozi na tasnifu mnaijua pia, kwa hiyo sitazirudia.

La kwanza ni sababu ya kuomba. Kama tayari wewe ni mhadhiri msaidizi, huna mjadala mrefu, kwa kuwa bila uzamivu hutapanda kuwa mhadhiri, na kilichobaki kwako ni kuchagua wakati na mada. Kama wewe ni mwalimu wa sekondari, mtangazaji au mtumishi wa shirika, na unatumaini kwamba shahada hii itakuingiza chuoni, chukua karatasi upige hesabu ya umri. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa miaka 45 kwa anayeingia katika utumishi wa umma, na uzamivu wa insia, yaani masomo kama historia, fasihi na falsafa, unaoandikwa kuwa ni wa miaka mitatu kwa kawaida huchukua mitano, sita au saba. Mwenye umri wa miaka 40 anayeanza leo anaweza kumaliza akiwa nje ya mlango huo. Asikate tamaa kwa sababu hiyo, maana vipo vyuo binafsi na ipo mikataba, ila ajue mapema anaelekea wapi. Nafasi za historia, fasihi na falsafa ni chache, na nimewaona wenye tasnifu nzuri sana wakizisubiri kwa miaka.

La pili ni chanzo, na hapa naomba mnivumilie.

Mwaka ule wa 2009 nilikuwa nikifundisha historia katika shule moja ya sekondari ya binafsi, na nilikuwa na mada ambayo kila niliyemsimulia aliipenda: mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya asili ya maji, na mamlaka ya wamangi, watawala wao wa jadi, katika enzi ya Wajerumani. Nimekulia kando ya mfongo. Baba yangu alikuwa na zamu yake ya maji, na nilijua tangu utoto kwamba kumfungia mtu maji ni sawa na kumwambia hana ukoo. Nilidhani kuifahamu mada kwa namna hiyo kunatosha. Katika usaili, msimamizi wangu aliniuliza kama ninasoma Kijerumani. Nilisema nitajifunza. Aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha tukaendelea na kiunzi cha nadharia.

Niliacha kazi mwezi Desemba. Januari 2010 nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, nikapanga chumba Magomeni, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa Upanga katika chumba cha kusomea cha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, penseli mkononi, nikisubiri jalada langu la kwanza. Majalada ya enzi ya Wajerumani yameorodheshwa kwa herufi G. Nilikuwa nimenunua kamusi, na nilikuwa nimesoma masomo ya mwanzo ya Kijerumani kwa miezi mitatu, kiasi cha kuweza kujitambulisha na kuhesabu. Jalada lilipofunguliwa mbele yangu niliona mistari ya wino wa kahawia iliyolala upande mmoja, yenye ncha kama miiba, na sikuweza kutambua hata herufi moja kwa uhakika. Huo ni mwandiko wa zamani wa Kijerumani uitwao Kurrent, ambao makarani na maofisa wa wakati ule walifundishwa shuleni. Ndani yake herufi e inafanana na n tuliyoizoea, u hutambulikana kwa mkunjo mdogo unaowekwa juu yake, na s moja ni ndefu hata ukaidhania f. Mjerumani wa leo mwenye shahada anaweza kushindwa kusoma barua ya babu wa babu yake mwenyewe.

Ningelirudisha jalada siku ile na kumpigia simu msimamizi, ningekuwa nimepoteza wiki moja tu. Sikumpigia. Nilikuwa nimeagwa na shule nzima, wazazi wangu walikuwa wamechinja mbuzi, na pale kanisani mchungaji alikuwa amenitaja kwa jina. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nikauficha. Nilitafuta majalada ambayo juu yake kulikuwa na maneno ninayoyatambua, na nikapata moja lililoandikwa Moschi, kama Wajerumani walivyoandika jina la mji wetu, na neno Wasser, yaani maji. Nilifurahi hadi nikatetemeka. Kwa miezi minne nilinakili jalada lile herufi kwa herufi, nikichora maumbo nisiyoyaelewa kama mtoto anayefuatisha mchoro, na katika ripoti zangu za maendeleo nikaandika kwamba niko katika hatua ya uchambuzi wa data. Nililipa ada ya mwaka wa pili nikiwa bado sijasoma sentensi moja hadi mwisho wake.

Nilipokwama kabisa niliomba nakala za kurasa kadhaa nikazileta Moshi kwa mchungaji mmoja mstaafu wa Kilutheri, ambaye alikuwa amesoma Ujerumani ujanani na alikuwa amezoea barua za wamisionari wa kale. Alizisoma sebuleni kwake kwa alasiri mbili, taratibu, akifuata mstari kwa kidole. Zilikuwa hesabu za kuleta maji ya bomba kwenye boma la serikali: idadi ya mabomba, bei zake, na malalamiko ya ofisa kwamba mzigo umechelewa kufika. Hamkuwa na mfongo, wala mangi, wala kesi ya maji. Mzee alivua miwani akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulidhani inasema nini?"

Sikuwa na la kumjibu, na hata baada ya hapo sikusema ukweli nyumbani. Mke wangu ni muuguzi. Mtoto wetu wa pili alizaliwa nikiwa Dar es Salaam, na katika muda wote ule mke wangu alikuwa akiomba zamu za usiku ili mezani kuwe na chakula, na kila aliponipigia simu nilimwambia inakwenda vizuri. Habari yenyewe aliipata kwa mke wa yule mchungaji, baada ya ibada, watu wakitoka. Nilipofika nyumbani mwisho wa mwezi hakunigombeza. Aliniuliza nimebakiwa na pesa kiasi gani, akachukua daftari, tukakaa mezani tukapanga. Leo, miaka mingi baadaye, nikikumbuka sauti aliyoniulizia swali lile, bado inaniuma kuliko maneno yote ya watahini.

Nilibadilisha mada mwaka 2012. Msimamizi alinikubalia, akasema tu kwamba angependa kuambiwa mwaka 2010. Nilihamia enzi ya Waingereza na ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro: chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933, na ghasia za mwaka 1937, wakulima walipokataa kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU na maghala yakavunjwa. Majalada yale yapo Upanga vilevile, mengi yamepigwa taipu, na yako katika Kiingereza. Niliyasoma. Nilimaliza mwaka 2016, mwaka wa saba tangu nianze.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda ukashike ukurasa mmoja wa chanzo chako cha msingi, usome wote, kisha uandike kwa Kiswahili unasema nini. Kwa kijana wa dini, anayetaka kuandika juu ya wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, ukurasa huo utakuwa katika mwandiko ulionishinda mimi, basi na aanze kujifunza sasa, kwa mwaka mzima, akiwa bado ana mshahara. Kwa binti wa tenzi, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na London iko mingine, lakini hati hizo hazimsubiri mtu ajifunze ndani ya muda wa ufadhili. Kwa wale wawili wa historia, mmoja wao anayeishi Arusha anatamani kuandika juu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyofanya kazi mjini humo tangu 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Nyaraka zake ziko Lakilaki, karibu na kwao kabisa. Nimemwuliza kuhusu Kifaransa na Kinyarwanda, maana mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda. Ameahidi kulifikiria jambo hilo, na ninaamini atalifikiria kweli, kwa kuwa ni kijana makini.

Wa nne anataka masimulizi ya wazee wa Upare na anafikiri hilo ni jepesi kwa sababu halina jalada. Profesa Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya huko katika miaka ya 1960, naye alikuwa Mpare. Kijana wetu anatoka Rombo. Hata hapa mlimani Kirombo na Kimashami havisikilizani vizuri, sembuse Kipare! Akae kwanza na mzee mmoja kwa siku nzima, arekodi, kisha ajaribu kuandika alichokisikia bila msaada wa mtu.

La tatu ni pesa. Mwajiriwa wa serikali asiondoke bila barua ya ruhusa ya masomo, na anayedaiwa na Bodi ya Mikopo akumbuke kwamba asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakatwa hata akiwa masomoni. Ufadhili ukisema miaka mitatu, uliza mapema nani atalipa wa nne.

La nne ni msimamizi: mtafute mwanafunzi wake wa mwisho, umwulize sura moja ilikaa kwake miezi mingapi.

La tano ni vibali. Barua ya Makamu Mkuu wa Chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kutoka hapo kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, na kila meza ina siku zake. Beba nakala kumi.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa kuwa ninawakataza. Mwaka 2013, nikiwa na mada yangu mpya, nilimhoji bibi mmoja wa huku mlimani aliyekuwa na umri wa miaka 85. Katika majalada nilikuwa nimesoma taarifa fupi za serikali kuhusu ghala lililovunjwa kijijini kwao mwaka 1937, mistari mitatu tu ya taipu. Yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati huo. Alinieleza kwamba kahawa ilimwagwa barabarani ikakanyagwa, na usiku ule mama yake alikwenda na kanga akaokota alichoweza, akakianika nyuma ya nyumba, na kwa wiki nzima akaogopa kwamba mangi angetuma watu kuitafuta. Wakati anasimulia, alikuwa akikusanya punje ambazo hazikuwapo kutoka kwenye mkeka, moja moja, kwa ncha za vidole. Niliandika sura nzima kutokana na alasiri ile, na hata nisingepata cheo wala nyongeza ya mshahara ningefurahi kuwa niliiandika. Mwenye swali linalomrudia namna hiyo, na anayeweza kuvisoma vyanzo vyake, aombe, nami nitamwandikia barua ya utambulisho kwa moyo mweupe.

Binti wa tenzi alirudi juzi. Amempata mwalimu wa madrasa hapa mjini, anakwenda jioni tatu kwa wiki, na ameweza kusoma beti mbili za nakala niliyompa, ingawa bado anachanganya fa na qafu. Ameahirisha maombi hadi mwaka ujao. Wengine mnaotaka niyapitie mapendekezo yenu, nipo ofisini kila Jumatano baada ya saa nane mchana. Pendekezo mnaweza kuliacha nyumbani. Njooni na ukurasa.