Umeweka 8.8.8.8 na kurasa bado hazifunguki? Angalia upande wa IPv6

Kuna dada ana steshenari Sinza, mimi ndiye fundi wake wa kompyuta. Siku moja kanipigia: waifai imejaa, lakini kurasa zinazunguka tu, na wateja wamepanga foleni na fomu zao mkononi.

Dawa ya mtaani tunaijua wote: weka 8.8.8.8, yaani seva ya DNS ya Google, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Nikaweka, na 8.8.4.4 ya akiba. Kurasa zikaendelea kuzunguka. Nikazima ruta, nikawasha. Vilevile.

Kilichonifumbua macho ni amri moja. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri kwenye Windows, andika nslookup, kisha jina la tovuti yoyote. Juu kabisa utaona ni seva gani inayojibu. Nilitegemea kuona 8.8.8.8, ikatokea anwani inayoanza na fe80, yaani ruta yenyewe! Namba nilizoandika zilikuwa za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, peke yake. Ruta ile ilikuwa inagawa na IPv6, mfumo mpya, na humo humo inaitangazia kompyuta seva yake ya DNS. Kwa hiyo mimi nimebadilisha upande mmoja, kompyuta inauliza kupitia upande mwingine, na maswali yanaishia kwenye seva ya kampuni ya intaneti, ambayo siku hiyo ilikuwa hoi.

Basi nenda kwenye mipangilio ya IPv6 pia, uandike 2001:4860:4860::8888 na 2001:4860:4860::8844. Hizo za Google. Cloudflare, wenye 1.1.1.1, wanatumia 2606:4700:4700::1111. Dada nilimwekea Quad9, huduma nyingine ya DNS, 9.9.9.9 na 2620:fe::fe, kwa sababu inakataa majina ya tovuti zinazojulikana kuwa za hatari, na kompyuta ya steshenari inachomekwa flashi za mji mzima. Zile nukta pacha mbili zinazofuatana usizipunguze ukidhani ni kosa la uchapaji. Zimeshika nafasi ya sifuri nyingi. Ukimaliza, rudia nslookup uhakikishe.

Simu ni rahisi zaidi. Kuanzia Android 9 kuna DNS ya Faragha: andika dns.google, basi, IPv4 na IPv6 zote zimo, na maswali yanasafiri yamefichwa. Ila ukifika hotelini kwenye waifai ya kuingia kwa ukurasa wa nywila, ukurasa ule unaweza usitokee kabisa. Irudishe kwenye otomatiki kwanza.

Tahadhari nyingine: mitandao mingine inatoa IPv6 tupu, na DNS yao ndiyo inayotengeneza anwani za kufikia tovuti zilizobaki IPv4. Ukiona tovuti baadhi zimepotea mara tu baada ya kubadilisha, waachie ya kwao.

Dada akaniuliza kama sasa video zitashuka haraka. Nikamwambia hapana, DNS inatafuta anwani tu, mzigo wenyewe unapita kwenye kifurushi kilekile alicholipia. Alinuna kidogo.