Kabla hujanunua AC, panda juu ya paa lako

Mama alipohamia kwetu Tudor, Mombasa, tulimpa chumba cha upande wa magharibi, ghorofa ya juu, ambapo juu yake hakuna kitu ila slebu na jua. Alikuja mwezi wa Agosti, kusi inavuma, na chumba kikampendeza. Ilipofika Machi, tena ndani ya Ramadhani, nilikuwa nikiingia kumwamsha ale daku namkuta ameshaamka zamani, ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani na kanga imelowa jasho. Pangaboi linazunguka kwa kasi yake yote, lakini lilikuwa linamshushia hewa ile ile ya moto iliyokaa darini. Mtu wa miaka sabini na kitu hawezi kufunga mchana na kukesha usiku. Hapo ndipo nilipoamua kuweka kiyoyozi.

Mtaani kwetu AC ni kitu cha benki, hoteli na ofisi za bandarini. Nyumbani watu wana feni, na wengi hawajui hata waanzie wapi. Mjomba alikuja kunionya kwamba nitamletea Mama kichomi. Fundi wa kwanza niliyemwita hakupima chumba wala hakutazama juu. Nimelipa makosa kadhaa kwa pesa taslimu, na nayaandika hapa ili wewe usiyalipe.

Anza na paa. Usiku mmoja, saa nne, nilipanda kiti nikaweka kiganja kwenye dari ya chumba cha Mama. Ilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Slebu ya zege hunywa jua kutwa nzima, kisha huanza kulitapika ndani jua likishatua, wakati ambao wewe unataka kulala. Ukiweka AC chini ya dari ya namna hiyo, mashine inapigana na paa usiku kucha, na wewe ndiye unayelipia vita hivyo kwa tokeni. Tulipaka slebu chokaa nyeupe, tukarudia mara mbili, na kabla sijanunua chochote, kiganja changu kilihisi tofauti. Wenye mabati wanahitaji dari zaidi ya mtu yeyote, maana bati tupu halina cha kuzuia joto hata kidogo.

Halafu tazama matundu. Nyumba zetu nyingi zina vijitundu vya hewa juu ya madirisha, vimewekwa waya wa mbu na haviwezi kufungwa. Waliojenga hivyo walijua wanachofanya: nyumba ya pwani inatakiwa kupumua. Lakini AC haiwezi kuishi na matundu hayo, wala na madirisha ya vioo vya kulala ambavyo havikutani sawasawa. Tuliziba matundu ya chumba kile kimoja tu kwa mbao, tukabadilisha dirisha likawa la kusukuma, na nje ya dirisha tukatundika jamvi zito la kuzuia jua la alasiri. Jua likizuiwa nje ya kioo linabaki nje. Pazia la ndani linalipokea likiwa limeshaingia.

Na kwa kuwa chumba sasa kimefungwa, chetezo kisiingie humo. Mama anapenda udi, hasa usiku wa Ijumaa, na tulizungumza naye kwa upole. Makaa ndani ya chumba kisichopitisha hewa yanaweza kuua mtu usingizini. Udi unafukizwa mapema, mlango na dirisha wazi, makaa yanatolewa, ndipo tunafunga.

Ukubwa wa mashine. Chumba kina mita 3.5 kwa 4. Muuzaji alitaka kunipa ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), akisema kwa joto la Mombasa kubwa ndiyo nzuri. Nilichukua ya 12,000, ya aina ya inveta, yaani inayojipunguzia kasi yenyewe badala ya kuzima na kuwaka, kwa shilingi 62,000, na sababu ni unyevu. Joto letu si kali kama la Garissa. Linalotuumiza ni maji yaliyomo hewani, yanayozuia jasho lisikauke mwilini. Mashine hizi zenyewe zilianza kwa ajili ya unyevu: mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zinavimba na rangi hazikai mahali pake. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba haraka kisha hutulia kabla haijavuta maji hewani, na unabaki na baridi ya majimaji, shuka kama zimenyunyiziwa. Ya kiasi inafanya kazi taratibu na muda mrefu, na njiani inakausha.

Kama huamini ni maji kiasi gani, weka ndoo chini ya bomba la kutolea maji. Usiku wa kwanza niliweka ya lita 10, na alfajiri ilikuwa imepita nusu. Hayo ndiyo Mama alikuwa analala nayo. Siku hizi tunapigia deki, na mtaa ambao mfereji unaweza kukauka siku tatu haudharau nusu ndoo.

Sasa fundi, na hapa nitakaa kidogo.

Yule wa kwanza alikuja na drili, nyundo na spana. Alitoboa ukuta, akaunganisha mabomba ya shaba, akafungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke, akakaza nati, akalipwa shilingi 9,000 na kuondoka kabla ya adhuhuri. Chumba kilipoa. Wiki ya tano kikaanza kupoa kwa shida, na mwezi wa pili mashine ikawa inapuliza hewa ya kawaida. Nikampigia. "Gesi imekwisha, dada. Ni kawaida, hujazwa kila mwaka."

Si kawaida. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yale yale miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, inavuja, na kujaza bila kutafuta tundu ni kumwaga maji kwenye pakacha. Fundi wa pili, mtu mzima aliyezoea friji za samaki, alikataa kujaza mpaka aone. Alishindilia naitrojeni kwenye mabomba, akachanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka kwa brashi kila maungio. Nilisimama karibu yake. Kwenye nati ndogo ya nyuma povu likaanza kuvimba polepole, likapasuka, likavimba tena, mfano wa uji unaotaka kuchemka. Ncha ya bomba ilikuwa imetanuliwa vibaya, ina ufa mwembamba kama unywele.

Akaikata, akaitengeneza upya, kisha akafanya lile ambalo wa kwanza hakulifanya: alifunga pampu ya kufyonza hewa na kuiacha inguruma karibu nusu saa, mpaka ndani ya mabomba pakawa patupu, hamna hewa wala unyevu. Kwa mji wenye unyevu kama wetu hatua hiyo hairukwi. Maji yakibaki humo yanachanganyika na mafuta ya kompresa, ule mtambo unaosukuma gesi, na kuila taratibu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yeyote leo ni moja: unayo pampu? Akisema haina haja, msindikize mlangoni kwa heshima. Muulize pia mashine inatumia gesi gani. Nyingi mpya ni R32, ambayo inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi anayevuta sigara huku anafungua mabomba hakufai.

Yule fundi wa pili alisahihisha mambo mawili mengine. Bomba la maji lilikuwa limelazwa sawa, ndiyo maana maji yalikuwa yanarudi na kudondokea godoro. Aliliwekea mteremko. Na ile mashine ya nje aliihamisha kutoka juu ya slebu, ilikokuwa inachomwa na jua, akaiweka ukuta wa kivulini, mahali ambapo mtu anaweza kuifikia na kuiosha.

Kuiosha ni lazima hapa. Dadangu ameolewa Bamburi, karibu na ufuo, na ya kwake hakuwa anaiosha. Chumvi ilizitafuna zile pezi nyembamba za koili mpaka zikawa zinapukutika ukizigusa. Mimi naimwagia maji yasiyo na chumvi kila mwezi, bila mkazo mkubwa, stima ikiwa imezimwa. Breketi zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kutundikwa. Vichujio vya ndani naviosha kila wiki mbili kwenye beseni, na maji hutoka meusi kila mara.

Upande wa stima sitarefusha. AC iwe na waya wake kutoka kwenye boksi kuu na breka yake, isichomekwe kwenye soketi moja na friji. Weka na kile kifaa cha kulinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka, chenye kuchelewesha dakika chache stima ikirudi, maana kompresa haipendi kuzimwa na kuwashwa papo hapo.

Gharama ya mwezi inategemea rimoti iko mkononi mwa nani. Tumekubaliana nyuzi 26, na pangaboi polepole. Feni ikisukuma hewa iliyokauka, 26 inatosha kabisa, na Mama haamki na maumivu ya goti kama alivyokuwa anaamka tulipoweka 20. Kwa mita yetu usiku mmoja unakula kama uniti nne. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa inatumia uniti 80 kwa mwezi, na Machi iliyofuata zilikaribia 200. Kumbuka bei ya stima ya nyumbani ina madaraja: hadi uniti 30, kisha 31 hadi 100, kisha zaidi ya 100, na huangaliwa wastani wa miezi kadhaa. Ukivuka 100 uniti zote zinapanda bei, hata za taa. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua mashine.

Na kuna wasiohitaji. Shangazi yangu yuko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, nyumba ya kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ndefu ya boriti, na saa nane mchana chumba chake cha chini kina ubaridi ambao sikuupata Tudor kwa maelfu ya shilingi. Mji wa Kale pia ni eneo la hifadhi, kwa hiyo anayekaa huko aulize kwanza kabla ya kutoboa ukuta wa mbele.

Mwishoni mwa Aprili kusi ilianza kuingia. Mama aliamka kabla ya adhana, akaniita. "Mwanangu, zima hii. Fungua dirisha, upepo umekuja." Nikazima, nikafungua, nikavua vichujio nikavianika barazani.