Pesa na furaha: inategemea umesimama upande gani wa dhiki

Mkuu, umeuliza kama ni kweli pesa haileti furaha, au ni maneno ya kujifariji ya wasionazo. Nimeishi pande zote mbili, ya kukosa na ya kupata kiasi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaonja.

Wakati wa kukosa, kilichoniumiza zaidi ni kichwa kutopumzika. Nilikuwa na deni la matibabu ya mzazi, na kodi ya nyumba imepitiliza. Simu ikiita, moyo unaruka. Mwanangu akinisimulia mambo ya shule nasikia sauti tu, maneno hayaingii, maana akilini napiga hesabu: nani nimlipe kwanza, nani nimwombe anivumilie. Baadaye nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Watu walewale walipimwa kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, kisha wakapimwa tena baada ya kuvuna na kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Akili zao zilikuwa zilezile, ila dhiki ilikuwa imezikalia. Nilijiona humo.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayemhubiria maskini habari za kuridhika. Anayedaiwa kodi anahitaji kodi. Wahenga waliosema pesa ni sabuni ya roho walijua wanachosema, na usiku wa siku niliyomaliza lile deni nililala hadi nikashangaa mwenyewe.

Sasa upande wa pili. Kipato kilipopanda, raha ya nyongeza ya kwanza ilikuwa kubwa. Zilizofuata zilipungua nguvu, ingawa kwa tarakimu zilikuwa nono zaidi. Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani, hali ya moyo ya siku kwa siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akaja na matokeo tofauti: inaendelea kupanda. Kahneman na Killingsworth nawaheshimu sana kwa walichofanya baadaye, maana badala ya kurushiana maneno walikaa pamoja, wakiwa na mtafiti mwenzao Barbara Mellers, wakazipitia takwimu upya. Mwaka 2023 wakatoa jibu: kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na kipato, lakini kwa lile kundi lenye huzuni kuliko wengine, pesa husaidia hadi karibu dola 100,000, kisha inagota. Machungu yanayobaki hapo ni ya aina nyingine, kama msiba, kuvunjika moyo au sonona.

Na kupanda kwenyewe hufuata uwiano: kinachohesabika ni kipato kimeongezeka mara ngapi, kwa hiyo kiasi kilekile kinachomwokoa mwenye kidogo, mwenye kingi hakioni.

Hilo la machungu yanayobaki nalijua. Nilikuwa na akiba nzuri wakati mimi na ndugu yangu wa damu hatusemezani. Pesa haikuwa na pa kushika. Ilihitajika safari, kukaa kitako na kusikilizana mpaka usiku.

Kuridhika, kwa ninavyokuona sasa, ni kujua deni limekwisha, dharura ina akiba yake, na kuanzia hapo unachagua. Hivi karibuni niliitiwa nafasi yenye malipo makubwa kuliko ninayolipwa, ila ya kunitenga na familia sehemu kubwa ya mwaka. Niliikataa, na sijutii. Lakini lile deni lingekuwa bado lipo, ningeikubali siku hiyohiyo, na ningekuwa nimefanya sawa.