Usimwekee mtu "karibu" mdomoni

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya manukuu ya filamu lilikuwa neno moja tu: "Karibu."

Filamu ilikuwa Låt den rätte komma in ya mwaka 2008, aliyoiongoza Tomas Alfredson kutoka riwaya ya John Ajvide Lindqvist. Oskar, mtoto wa miaka 12 anayeonewa shuleni, anaishi na mama yake kwenye maghorofa ya Blackeberg, pembeni mwa Stockholm. Jirani yake mpya, Eli, ni mnyonya damu. Usiku mmoja Eli anakuja mlangoni, Oskar anafungua. Mimi niliyelelewa nyumba ambayo hodi haikosi jibu, nikamwandikia Oskar "Karibu" bila hata kufikiri. Yeye alikuwa amesema "Hej" tu.

Sasa angalia kinachofuata. Eli anabaki kizingitini, anasema lazima aalikwe. Oskar anamletea utani: itakuwaje asipomwalika? Anampungia mkono tu, njoo. Eli anaingia bila neno, anasimama katikati ya chumba, mwili unaanza kumtetemeka na damu inamvuja mpaka usoni. Oskar anapiga kelele kwamba anaruhusiwa kuingia. Wanafunzi niliokuwa nawaonyesha wakanigeukia: "Si alishamkaribisha?" Sikuwa na jibu. Tukio lote linasimama juu ya neno ambalo mimi nililitoa bure.

Ndiyo maana wewe unayeanza kutafsiri hadithi za Waswidi, za kutisha au za upelelezi, nakuonya kwanza juu ya ukarimu wa Kiswahili. Lugha yetu haiachi mtu apite bila salamu. Yao inaweza, na baridi ya hadithi zao inatoka humo humo.

Chukua polisi. Rasimu zangu za zamani zilijaa "afande". Lakini katika riwaya za Henning Mankell, vijana wa kituo cha polisi cha Ystad wanamwita mpelelezi Kurt Wallander "Kurt", na mkuu wake pia. Kila mtu ni du, yaani wewe, basi. Haikuwa hivyo tangu zamani: mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kazi ya kuongoza idara ya serikali ya afya, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atawaita wote du, na tukio hilo ndilo hutajwa kila mabadiliko hayo yanapozungumzwa. Vitabu kumi vya Maj Sjöwall na Per Wahlöö kuhusu mpelelezi Martin Beck vilitoka kati ya 1965 na 1975, yaani katikati ya mageuzi yenyewe. Humo "bwana" na vyeo vina nafasi yake, na ukiviona uviweke. Kwa Wallander, vifute.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Wallander ni kommissarie. Usikimbilie "kamishna", maana kwa polisi wa Tanzania kamishna ni mkubwa wa makao makuu, si mtu wa kukanyaga matope shambani akitafuta kisu. Mimi huandika "mpelelezi", na cheo kikiwa na uzito, "mrakibu". Na mshukiwa akishawekwa mahabusu, usimtafutie mtu wa kumwekea dhamana. Uswidi haina utaratibu wa kulipia dhamana ya fedha, kwa hiyo ukiliona neno hilo kwenye rasimu yako, ujue umelileta wewe.

Upande wa ukoo, sisi tuna bahati, tusiichezee. Kwa Waswidi morbror ni mjomba, faster ni shangazi, farfar ni babu mzaa baba. Vinakaa sawasawa na vyetu. Ila mimi, kwa uvivu, riwaya ya kwanza ya Stieg Larsson niliipitia kwa Kiingereza, nikakuta mzee Henrik Vanger ameitwa kitu kama anko wa Harriet, msichana aliyepotea. Nikaandika "mjomba". Henrik ni ndugu wa babu yake Harriet upande wa baba! Katika hadithi ambayo washukiwa ni ukoo mmoja kisiwani, nilikuwa nimemhamishia mzee upande wa mama. Harriet wa Kiswahili angemwita babu. Tafsiri kutoka Kiswidi chenyewe, au keti na anayekijua.

Bahati nyingine imo kwenye viambishi vyetu. Eli anasema wazi, "Mimi si msichana," na mtazamaji anabaki akijiuliza. "A-" yetu haisemi mwanamume wala mwanamke, inaficha siri kuliko lugha nyingi. Ukiandika "yule binti" sehemu yoyote kwa kupamba, umeitoboa.

Bron, ile tamthilia iliyoanza 2011 kwa maiti iliyolazwa katikati ya daraja la Øresund, mpakani kabisa, ina Waswidi na Wadenmaki wanaozungumza kila mmoja lugha yake. Kidenmaki nakiweka kwa herufi za mlazo. Yatosha.

Kuhusu Midsommar, filamu ya kutisha ambayo hadithi yake iko Uswidi, watu wataniuliza tena: mwongozaji wake ni Mmarekani, na sehemu kubwa ilipigwa Hungaria. Siihesabu.

Kwa mazoezi anza na Körkarlen ya Victor Sjöström, filamu bubu iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1921. Anayekufa wa mwisho usiku wa kuamkia mwaka mpya ndiye atakayeendesha gari la Mauti mwaka mzima. Maandishi ni machache, na yanakaa muda mrefu kwenye skrini. Kuna mahali gari na farasi, kama moshi, vinapita juu ya mawimbi kumfuata aliyezama. Wale wanaotafsiri kwa sauti kwenye vibanda umiza wangepachika utani hapo, na watu wangecheka. Wewe acha patupu.

Jina lake ndilo litakusumbua. Kwa Kiswidi ni neno la kawaida tu, la mtu wa kuendesha gari la farasi. Nilijaribu "Dereva wa Mauti", ikasikika kama ajali ya basi. Nimeiacha "Mwenye Mkokoteni", na bado hainikai: mkokoteni wa Kariakoo unavutwa na mtu.