Jibu: Vita viliisha 1945, mgomo wa 1948 unauhusishaje na walanguzi?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umekwama hapa: unaandika kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja, Agosti na Septemba 1948, na huoni vipi faida za walanguzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ziingie humo ilhali vita vilishakwisha miaka mitatu nyuma.

Anza na mchele, mshahara uje baadaye. Unguja ilikula mchele wa kuagiza, mwingi ukitoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma 1942, njia ile ikafungika. Chakula kikawa cha mgao, na penye mgao magendo hayakosi. Mwenye ghala alikuwa na cha kuficha akisubiri bei ipande. Hamali alikuwa na ujira wa siku tu, na siku isipokuja meli hana hata huo. Kusimama kwa bunduki hakukuzirejesha bei zilikokuwa. Ndiyo maana mie siukubali ule usemi kwamba mgomo ulichochewa na wageni tu. Njaa ya nyumbani ilitosha.

Kisha tazama majirani: Mombasa waligoma Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo. Habari husafiri na majahazi na meli.

Usiiache Ng'ambo pia, ile mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe. Watu wake waligomea kodi ya viwanja 1928, kwa hiyo kukataa kwa pamoja walikuwa wanakujua zamani.

Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uombe kwanza majalada ya bei na mgao wa chakula, 1942 hadi 1948. Mimi nilianza na ya kazi, yakanichelewesha.