Maswali yenu: raha ya siku za kawaida

Barua za wiki hii zimetoka pande mbalimbali za Tanga, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu afanye nini ili siku zake ziwe na raha kuliko zilivyo sasa? Nimechagua tano.

Mume wangu alistaafu mwaka jana na tangu hapo hatoki. Kutwa yuko mbele ya televisheni, neno dogo tu linamchafua. Zamani alikuwa mcheshi. (Mama, Chumbageni)

Pole sana, mama. Kwa unavyoeleza, naona mzee amekosa watu. Kazini alisalimiwa tangu getini, akaulizwa ushauri, akabishana mpira wakati wa chai. Siku alipokabidhi ofisi hayo yote yalikatika kwa mkupuo, na pensheni haiyarudishi.

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kina utafiti ulioanza mwaka 1938 kwa kufuatilia maisha ya vijana wa kiume hadi uzeeni, na sasa umefika kwa watoto wao. Kilichojitokeza ni kwamba waliokuwa na uhusiano mzuri na wenza, ndugu na marafiki ndio waliozeeka wakiwa na furaha na afya zaidi. Fedha na umaarufu havikufua dafu mbele ya hilo.

Lakini usimwambie "nenda ukakae na wenzako". Mstaafu akisikia hivyo huona anafukuzwa nyumbani kwake. Mtafute mmoja wa wenzake wa kazini, umwombe ampitie alasiri wateremke wote Ngamiani. Huko mabaraza bado yapo: birika la kahawa juu ya mkaa, kashata kwenye sinia, wazee wawili wameinamia bao na wengine wanawafundisha bila kuombwa. Mgeni hahitaji mwaliko. Anatoa salamu, watu wanasogea, anapata nafasi kwenye benchi, kikombe kinamfikia. Ugumu uko siku ya kwanza tu, maana mtu aliyepotea muda mrefu huona haya kujitokeza peke yake. Ndiyo maana nasema apitiwe. Na akirudi, muulize habari za huko. Mwanaume mwenye habari za kusimulia hana haja ya kugombana na televisheni.

Naendesha bajaji. Narudi saa nne usiku, nashika simu kidogo, nikishtuka ni saa nane. Asubuhi abiria akidai chenji tu nakasirika. (Kijana, Makorora)

Mdogo wangu, huna ubaya wa roho, una usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Simu ichajiwe mbali na kitanda, na kama ndiyo inayokuamsha, nunua saa ya mezani. Ukiamka, toka nje upate mwanga wa asubuhi, unausaidia mwili kujua saa zake za kulala na kuamka. Anza leo, kwa sababu dereva anayesinzia amebeba roho za watu.

Kila mwezi naanza mazoezi, na wiki haiishi nimeacha. Je, mimi ni mvivu? (Mwalimu, Pongwe)

Hapana, mwalimu. Unataka matunda kabla mti haujashika mizizi. Watafiti wa London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kufanyika bila kujisukuma. Waliowahi walitumia 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wiki moja ni mapema mno kujihukumu.

Lifunge zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kama unaenda kazini kwa baiskeli dakika 15 na kurudi dakika 15, kwa siku 5 hesabu imetimia, na Tanga mji wetu ni tambarare, baiskeli hapa ni ya kila mtu. Huna baiskeli? Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla, umalizie kwa miguu.

Nachukua samaki mwaloni Deep Sea, natembeza mitaani. Mnatuambia tushukuru. Nishukuru nini na kodi ya nyumba inanidai? (Dada, Msambweni)

Dada yangu, una haki ya kuuliza. Deni ni deni, na kumwambia mwenye njaa atabasamu ni kumdhulumu. Kwanza mwendee mwenye nyumba kabla hajakufuata, umpe kiasi ulicho nacho na tarehe ya kinachobaki. Usingizi hurudi kidogo mtu akiacha kujificha.

La pili nalisema kwa heshima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu walipewa dola 5 au 20 watumie siku hiyo hiyo. Jioni, walioambiwa wazitumie kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi ya waliojinunulia vitu vyao, na wingi wa fedha haukuleta tofauti. Wewe hilo unalijua: ukimwongezea bibi wa jirani dagaa kiganja kimoja, mnaagana vizuri wote wawili. Usiache hata mwezi ukiwa mgumu, ila toa kiasi ambacho hakigusi mtaji.

Nina mtoto wa miezi miwili. Nalia bila sababu, sina hamu ya kula wala ya kumbeba. Nimejaribu kutembea na kuomba dua, bado. (Mama kijana, Duga)

Mwanangu, haya ya kwako hayamalizwi na matembezi. Huzuni ya namna hii inayozidi wiki mbili baada ya kujifungua ni ugonjwa unaowapata wanawake wengi, unatibika, na haumaanishi humpendi mtoto wako. Dua endelea nayo, na hospitali nenda. Usingoje siku ya mtoto kupimwa uzito. Nenda kliniki kesho asubuhi, umwambie nesi maneno haya haya uliyoniandikia. Mama yako au shoga yako ashike mtoto usiku mmoja ulale. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako hata saa moja: mwite mtu sasa hivi, akupeleke Hospitali ya Bombo leo.